Mama Mishale na Pikapu Iliyozimika Mlimani

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kutusindikiza, nimesimama hapa kwa niaba ya familia, mimi niliyemfuata marehemu kuzaliwa, kuwasomea safari ya dada yetu ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mishale, na kabla sijaanza nawaomba radhi kwamba historia hii haikupakwa rangi, maana yeye mwenyewe alinishika mkono wodini akaniambia, "Siku ukinisomea usinifanye malaika, waambie na yale ya nyumbani kwangu," na mume wake, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, nilipomuuliza alijibu, "Soma yote, shemeji, nimechoka kuyabeba peke yangu."

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1967, mtoto wa pili kati ya watano wa mlinzi wa ghala la saruji na mshonaji wa nguo, katika chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, ambako ukuta ulitetemeka mchana kutwa, na mama yetu alikuwa akisema huyu mtoto wake ni kinyume cha watoto wa watu, kinu kikiunguruma analala, kikizimwa analia.

Alianza shule ya msingi mwaka 1975 na kumaliza mwaka 1981, akajiunga na shule ya ufundi Januari 1982 katika fani ya umeme, wasichana wakiwa watatu tu darasani, lakini baba yetu alipofariki mwaka 1984 alilazimika kuacha masomo akarudi nyumbani kumsaidia mama kutulea sisi wadogo, na katika miaka hiyo miwili alikuwa akishinda kwa mjomba wetu, fundi redio, akiunganisha nyaya kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa mpaka vidole vikawa na madoa ambayo hayakutoka tena.

Tarehe 3 Machi 1986 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika gereji aliyoitumikia maisha yake yote, na huko ndiko alikopewa jina, kwa sababu ya mapenzi yake kwa dashibodi, zile geji zenye mishale, za mafuta, za joto na za chaji ambazo mafundi wengi huzikimbia, na alikuwa na msemo ambao wenzake wa gereji waliopo hapa wanaufahamu, "Usiulaumu mshale kabla hujauuliza waya," kwa maana gari likiletwa mishale yote inacheza ngoma kila taa ya kukata kona ikiwashwa, wengine walikimbilia kubadilisha geji, yeye aliingiza kichwa chini ya usukani, akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha gari, mpaka kwenye bolti yake, akaipiga msasa, akafunga, mishale ikatulia, na mwenye gari akibisha kwamba haiwezekani iwe kitu kidogo hivyo, alimwambia, "Basi nikulegezee tena uondoke nayo inavyocheza?"

Tarehe 15 Desemba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, dereva, ambaye baadaye walinunua naye pikapu ya kubebea matofali na mchanga, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 2 Novemba 1991 na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Mei 1995, na nyumba yao ilikuwa nyumba ya utani, mume akimwita mkewe mganga wa mishale, mke akimwambia mumewe kwamba yeye kazi yake ni kuzungusha usukani tu, hata mbuzi akifundishwa ataweza.

Sasa nafika mahali pagumu, naomba mnivumilie.

Jumapili ya tarehe 5 Juni 2011, mshale wa mafuta wa pikapu hiyo ulikuwa umeganda kwenye nusu, ukijaza tangi ni nusu, ukilimaliza ni nusu, na dada yetu akalala chini ya gari, akachomoa waya unaotoka kwenye tangi, akaugusisha kwenye chuma cha gari, na shemeji aliyekuwa amekaa mbele akapiga kelele kwamba mshale umepanda mpaka juu, dada akauachia waya, mshale ukaanguka mpaka chini, ndipo akatoka amejaa vumbi akasema, "Geji nzima, waya mzima, ugonjwa uko ndani ya tangi, mkono wa boya linalopima mafuta umekwama," lakini bolti za tangi zilikuwa zimeliwa na kutu na mkono mpya haukupatikana madukani, ikabidi kazi isubiri Jumapili inayofuata, na ili mtu asidanganyike alikata kipande cha tepu nyeusi akaufunika ule mshale, akamwambia mumewe, "Baba watoto, huyu ni muongo, usimwangalie, jaza tangi na safari zako uzihesabu kichwani," naye akajibu, "Nimesikia."

Alisikia, na siku ile alijaza, lakini Jumanne mteja mmoja wa matofali alimtania, akamuuliza gari lako limefungwa bandeji, limepigana na nani, wakacheka, na shemeji akaibandua ile tepu akaitupa dirishani, bila nia mbaya, kama mtu anavyofukuza nzi.

Jumatano tarehe 8 Juni, saa sita mchana, binti yao, aliyekuwa amekuja kwa wazazi wake kujifungulia, alishikwa na uchungu kabla ya wakati, mama yake akiwa gereji upande wa pili wa mji na simu yake ikiwa haipatikani, basi baba akampakia mbele pamoja na jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, wakaondoka mbio kwenda hospitali, na walipofika kwenye kituo cha mafuta aliutupia mshale jicho, ukasema nusu, binti analia, akapita, na katikati ya ule mlima wa machimbo ya kokoto pikapu ilikohoa mara moja ikazimika.

Alikimbia na dumu mkononi kurudi kituoni, na huku nyuma jirani alimpokea mtoto juu ya kiti cha gari, mtoto wa kike, mzima, akamfunga kwa kanga yake, lakini damu ya mama haikukatika, na gari la kwanza lililosimama kuwasaidia liliwafikisha hospitali binti akiwa ameshaondoka, umri wake miaka kumi na tisa, na dada yetu alipofika na nguo za gereji mwilini, alikabidhiwa mjukuu na kuambiwa habari ya binti yake kwa wakati mmoja.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa bado wamekaa kwenye mikeka, alitoka na spana zake, akazikata zile bolti, akashusha tangi, akaunyoosha ule mkono kwa koleo na kuusugua mpaka boya likapanda na kushuka bila kukwama, akarudisha kila kitu mahali pake, akajaza mafuta, akatazama mshale ukipanda, kisha akamwambia mumewe aliyekuwa amesimama pembeni wakati wote huo, "Sasa mshale unasema kweli," na hayo yakawa maneno yake ya mwisho kwake kwa miaka sita.

Hawakuachana, alimpikia, alimfulia, alimwuguza alipopata homa, lakini hakumsemesha, na sisi ndugu tulikwenda, wazee walikwenda, alitukaribisha vizuri, akatusikiliza, akatusindikiza mpaka njiani, na hakubadilika, na mjukuu, ambaye baba yake alikwenda mbali kikazi asirudi kumchukua, alipoanza kusema akawa ndiye simu ya nyumba ile, mwambie babu yako maji yapo bafuni, mwambie bibi yako nimechelewa, mtu na mkewe wamekaa meza moja wanatumiana ujumbe kama wako nchi mbili.

Mpaka jioni moja ya mwaka 2017, mtoto yuko na kitabu chake cha darasa la kwanza, bibi akamwambia, "Mwambie babu yako chai tayari," mtoto hakuinua hata kichwa, akasema, "Bibi, babu ana masikio, na mimi nasoma," na dada yetu akabaki amesimama na birika mkononi muda mrefu, akamimina, akasogeza kikombe, akasema, "Baba watoto, chai," na shemeji ameniambia mwenyewe kwamba hakuweza kuinywa, aliifunika kwa mikono miwili tu mpaka ikapoa.

Tangu hapo walizungumza, habari za paa linalovuja, za shule, za kijana wao, lakini siku ile ya mlimani hakuna aliyeigusa.

Mwezi Agosti 2021 marehemu alianza kuvimba miguu, akagundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaanza kwenda hospitali kuwekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na mume wake alimpeleka kwa pikapu ileile, mlima uleule, bila kukosa, marehemu akitazama nje ya dirisha, hadi siku moja ya Januari mwaka huu 2025, hali yake ikiwa imeshazorota, walipofika kwenye machimbo alisema, "Simamisha," shemeji akasimamisha, na kwa mara ya kwanza akamuuliza, "Ilikuwaje?"

Shemeji akamwambia, "Nilipita kituo cha mafuta, mama, nikauangalia mshale, na mimi nilijua ni muongo, nikataka tu uwe kweli."

Akauliza, "Mtoto wetu alikuwa analia?"

"Alikuwa analia."

Akasema, "Hata mimi ningepita," halafu akauliza tena, "Alisema nini kabla hujakimbia na dumu?"

"Aliuliza kama umeshapata habari, nikamwambia mama yuko njiani, anakuja."

"Na mimi sikuwa njiani."

"Hukuwa njiani."

Dada yetu akaweka mkono wake, uliovimba kwa sindano, juu ya mkono wa mumewe pale kwenye gia, akasema, "Ulifanya vizuri kumwambia hivyo," wakakaa hapo magari yakiwapita, mpaka aliposema twende, tutachelewa foleni.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba, mume wake akiwa kando ya kitanda, na ameacha mume, mtoto mmoja wa kiume na mjukuu mmoja wa kike, ambaye wengi hamkumtambua leo kwa jinsi alivyorefuka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, waliomwita mama na kumtendea kama mama, mafundi wenzake wa gereji waliofunga milango tangu Jumanne wakaja kuchimba na kubeba, majirani wote waliopika na kulala nasi hapa, na kwa namna ya pekee yule mama jirani aliyeivua kanga yake mlimani, ambaye tangu siku ile hatujawahi kumshukuru mbele za watu, leo tunamwambia asante, mama, mtoto uliyempokea ndiye huyu.

Dada yetu, tumeyasema yote kama ulivyoagiza. Pumzika sasa, na amani uliyoipata kwa kuchelewa isikutoke tena.