Ndakala Nyeusi za Mlangoni Kwangu

Ba mama na ba tata, mnaonijua mnashangaa kuniona nimesimama hapa mbele ya kanisa, maana mimi ni mtu wa kukaa. Mke wangu anafanya kazi Fungurume, anarudi mwisho wa juma. Mimi ninalinda nyumba, ninapika, na mbele ya lupango, ua wa nyumba yetu, nimeweka meza ya ndakala, zile samaki ndogo kavu za ziwa Tanganyika. Jirani zangu wananiita bibi harusi. Basi, bibi harusi anakula vizuri.

Meza ile ndiyo iliyowasomesha watoto wetu, na ikaanza kufa. Gunia likaja nusu, halafu halikuja kabisa. Ndakala ziliporudi, ule mng'ao wake haukuwepo tena. Zilikuwa nyeusi, zinanuka moshi.

Ndugu zangu, nyinyi ni watu wa Kolwezi kama mimi. Hapa mbuzi akikohoa tu, tunatazama upande wa mine, kule mgodini. Mteja wangu mmoja, mama wa kunitania kila siku, akavunja kichwa cha ndakala, akanusa kama tunavyofanya sote, akairudisha mezani.

"Tata, hizi unazitosha, unazivua mu mto Lualaba, kule maji ya mine inaingia. Mi siwezi kupatia batoto bangu asidi."

"Mama, ni za Tanganyika, nakuapia!"

"Tanganyika uliiona siku gani? Weye hata Mutoshi hapa karibu haujafika!"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini alisema kweli: nilijua zinakotoka kwa kuambiwa tu. Habari ya asidi ikazunguka mtaa mzima, hakuna aliyesimama tena mezani. Mke wangu akaniambia, kwa upole, kwamba ikiendelea hivi binti yetu wa mwisho ataacha masomo.

Hapo nikamwendea dereva wa lori anayeniletea magunia, tata mmoja Mwislamu, nikamwomba nafasi.

"Weye? Safari?" Akatazama ndala zangu. "Utalia mbele ya kufika Fungurume."

Sikulia mbele ya Fungurume. Nililia baadaye.

Tulipofika Kalemie, mji wa kando ya ziwa, dereva akanipeleka kwa mama anayekausha ndakala zetu. Nikamwomba anionyeshe mchanga anakoanikia. Akanyoosha mkono kuelekea majini.

"Unaona ule ukuta unatosha kichwa mu maji? Pale njo kulikuwa muchanga wetu."

Ziwa lilipanda likameza ufuko. Ndakala hazina tena pa kulala juani, basi anazikausha juu ya moto. Weusi ule ni moshi!

Ningerudi siku ile ile, lakini mimi nikianza kuuliza siachi. Na mbona zimepungua? Mvuvi mmoja akasema ni upepo. Zamani upepo wa kiangazi ulilikoroga ziwa kama mtu anayekoroga unga wa bukari sufuriani, chakula cha chini kikapanda, na ndakala zikakifuata. Siku hizi maji ya juu yana joto, upepo umelegea, chakula kinabaki chini.

Mwenzake akamkatiza: "Upepo, upepo! Na nyavu zenu za chandarua? Munavua batoto ba samaki, kisha munauliza bakubwa beko wapi!"

Wakagombana mbele yangu. Mimi niliona wote wawili wanasema kweli. Nikatia mkono majini nipime lile joto. Yalikuwa vuguvugu, lakini nilinganishe na nini, mtu wa mara ya kwanza? Mpaka leo najiuliza.

Nilirudi na gunia la ndakala nyeusi. Nikapika sufuria kubwa na nyanya, pale pale mezani, nikieleza niliyoyaona. Yule mteja wangu wa maneno ya asidi akaja.

"Kula kwanza weye. Ukianguka, tutajua."

Nikala sahani moja, nikajipakulia ya pili. Hakungoja nianguke, akaninyang'anya kijiko.

Leo meza imerudi, ndogo. Ziwa likiwa na kidogo, ninauza maharagwe. Binti yetu anasoma.

Namshukuru dereva aliyenivumilia, mama wa Kalemie, mke wangu, na huyu mama aliyenicheka mpaka nikavaa viatu. Woga wetu juu ya maji ya hapa una sababu, nami bado ninao. Ila nawaambia: kitu kikibadilika rangi mlangoni kwako, kifuate kilikotoka kabla hujakipa jina. Na leo, tukishaombea wagonjwa na mvua, tuombee na upepo wa Tanganyika. Sufuria zetu zinaungojea.