Mlango wa Nyuma wa Basi la Shule

Mheshimiwa Mkurugenzi wa Elimu, wakuu wa shule mliopo, ndugu mmiliki wa mabasi, wazazi wenzangu, na nyinyi madereva mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: habari za asubuhi.

Katika sherehe hii ya kuniaga, nimesifiwa tangu saa tatu. Nimeambiwa mimi ni mkaguzi hodari, kwamba kwa miaka ishirini na sita hakuna mkataba wa basi la shule uliochelewa mezani kwangu. Ni kweli. Lakini kwa nini haukuchelewa? Kanuni inasema mkaguzi apande basi asubuhi nzima, ajaribu kila mlango, ndipo atie saini. Sisi tuna desturi yetu: basi linaoshwa, linaletwa uani, mkaguzi analitazama kupitia dirisha la ofisi huku anakunywa chai. "Dada, basi lenyewe unalijua kama nyumba yako," ndugu mmiliki aliniambia mwaka juzi. Nikacheka, nikasaini.

Mlango wa dharura wa basi hilo ulikuwa umechomelewa, maana ulikuwa ukipiga kelele njiani. Injini iliposhika moto mbele, watoto thelathini na wanane walikimbilia nyuma, kwenye mlango niliouthibitisha mimi.

Aliyewatoa ni matroni wao, yule mama aliyeketi hapa safu ya tatu, ambaye watoto humwita Mama Foleni. Alivunja kioo kwa mtungi wa kuzimia moto, ambao wenyewe ulikuwa mtupu, akawapanga mstari ndani ya moshi, wadogo kwanza, mabegi yabaki, akawapitisha dirishani mmoja mmoja. Mikono yake mnaiona. Wiki iliyofuata alifukuzwa kazi. Sababu? Kuharibu mali ya mwajiri. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hatoi barua yenye mhuri.

Na sisi ofisini? Funika kombe mwanaharamu apite. Ripoti ilisema hakuna aliyepoteza maisha, na ndugu mmiliki akapewa cheti cha huduma bora. Nina uchungu, na mtu wa kwanza ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mheshimiwa, uliniomba nisaini mkataba mpya wa miaka mitano kabla sijaondoka. "Mama, tumalizie vizuri," ukaniambia. Basi leo asubuhi nimeyapanda mabasi yote manne, nikasukuma kila mlango wa nyuma. Umefunguka mmoja tu. Nimeandika kwenye fomu kwamba nakataa, na nakala anayo mwenyekiti wa wazazi.

Kesho kiti changu kitakaliwa na mwingine, naye pia ataletewa chai. Wazazi wenzangu, mkataba wa zamani bado una wiki tatu. Mabasi ni yale yale yaliyopangwa pale nje, na watoto wenu watayapanda kesho saa kumi na mbili na nusu.

Nawashukuru kwa kunisikiliza mpaka mwisho.