Farasi wa Mbele Kwenye Picha ya Dymphna

Mheshimiwa Meya wa Kaunti ya Kildare, Padri Loughlin, Bwana Dowdall ambaye ni Mwenyekiti wa Kamati ya Ukumbi huu, wakufunzi wa farasi, waendeshaji wa mazoezi mliosimama nyuma ingawa viti vya mbele ni vitupu, ndugu wageni waalikwa, na wewe Dymphna Gorry, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na minne ya kupiga picha za farasi asubuhi: habari za mchana.

Mnanijua kwa makala zangu gazetini, na baadhi yenu mngependa kutonijua. Nimeombwa niwe mpole. Nitajitahidi.

Nani kati yetu angetoka kitandani gizani mwezi wa Januari, akasimame kwenye nyasi zilizoganda za Curragh, uwanda wetu wa mazoezi, katikati ya kondoo, akisubiri sekunde tatu tu? Farasi anayekuja kwa kasi humwinulii kamera ghafla, maana akishtuka, aliye juu yake anaweza kuvunjika shingo. Kwa hiyo Dymphna alisimama kwenye nguzo ileile kila siku, na koti lilelile jekundu, mpaka farasi wakamzoea kama walivyowazoea kondoo. Kisha aligeuza kiuno taratibu, kamera ikimfuata farasi, na pichani miguu ya farasi ikatoka kama moshi, jicho lake likabaki wazi. Aliwahi kuniambia, "Ukimgandisha kabisa umepiga picha ya sanamu. Iache miguu ikimbie."

Picha iliyofunikwa nyuma yangu mnaijua. Kwa miaka kumi na tisa imekuwa kwenye kalenda, kwenye makopo ya biskuti na kwenye kuta za baa za mji huu: farasi wa kahawia, miguu yote minne hewani, Radi ya Leinster, bingwa wetu. Mimi mwenyewe niliandika kwamba katika jicho lile unauona moyo wa bingwa. Niliandika hivyo mara tatu.

Si yeye.

Tulieni, naeleza. Asubuhi mazoezini hakuna namba wala mavazi yenye rangi za wenye farasi, na bingwa hakimbii peke yake. Hutangulizwa farasi mwingine mbele yake, wa kumvuta. Siku ile ya ukungu Dymphna alimfuata kwa kamera farasi wa kwanza kutokea, akaamini ni Radi, akaandika hivyo nyuma ya picha. Radi alikuwa bado hajaingia kwenye picha. Mwezi uliopita, alipoikuza filamu kwa ajili ya ukumbi huu, aliona mguu wa nyuma wa kushoto ni mweusi mpaka kwenye kwato. Radi alikuwa na soksi nyeupe mguu huo, yaani manyoya meupe juu ya kwato.

Akaibeba picha hadi jikoni kwa Concepta Moran, aliyemwendesha huyo farasi wa mbele kwa misimu saba ya baridi.

"Concepta, huyu ni nani?"

"Ndiye Bila Haraka, farasi wangu. Na huyo juu yake mwenye pua nyekundu ni mimi."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu kalenda ya kwanza, mama we. Nimeitundika chooni."

"Na hukusema!"

"Nimwambie nani? Wakubwa wote walishalia machozi mbele yake. Na wewe je, na hizo lenzi kubwa kama ndoo, ulishindwa kuniona?"

Wakacheka. Kisha Concepta akasema, "Alishindana mara kumi na moja, hakushinda hata mara moja. Ningependa watu wajue alikuwa mzuri."

Dymphna akaiomba Kamati ibadilishe jina kwenye kibao cha picha. Kamati ikajibu kwamba wageni watakuja kumwona bingwa: jina libaki, au picha iondoke.

"Basi iondoke," akasema.

Lakini Kamati haikuiondoa: picha ipo, na kibao bado kina jina la Radi. Bwana Dowdall, usiangalie saa, sijaanza hata kukasirika. Nakuuliza tu: picha imepungua uzuri tangu jana? Jicho limefifia? Au tunaona aibu kwamba tuliupenda uzuri kabla ya kuuliza ulishinda vikombe vingapi? Juzi nilimuuliza Malachy Trench, aliyewafunza farasi wote wawili. Alinijibu, "Radi alikuwa mvivu kama paka wa padri. Yote aliyoyajua alifundishwa na mkia wa Bila Haraka." Padri, samahani. Maneno ni yake.

Ndugu zangu, wapiga picha hodari ninawajua wengi. Aliyegundua kosa lake mwenyewe, kosa lililompa sifa, kosa ambalo hakuna mwingine angelisema, akalitangaza katika mwezi wake wa mwisho kazini, ninamjua mmoja.

Karatasi niliyopewa inasema sasa nimkaribishe Meya aifunue picha ya Radi ya Leinster. Sitaisoma. Nasoma hii: "Bila Haraka, akiendeshwa na Concepta Moran. Picha na Dymphna Gorry."

Mheshimiwa Meya, kwa ruhusa yako, kamba aivute Concepta. Njoo, Concepta, mpisheni njia jamani. Kibao kina skrubu mbili tu, na Malachy amekuja na bisibisi.

Kwa masikio yenu na subira yenu, nawashukuru sana.