Taa za Mafinga, Saa Saba Mchana

Pale Igowole, mkabala na kituo cha maziwa, kuna ubao wa mkaratusi uliolazwa juu ya matofali. Kila asubuhi hukaa hapo wanaume wanne ambao wakishapima maziwa yao hawana haraka ya kurudi nyumbani. Madumu matupu yako miguuni, kahawa ya tangawizi ya muuzaji Anord iko mkononi, na ukungu hautoki mpaka saa tatu. Asubuhi moja ya Desemba, Filemoni Kalinga, ambaye kijiweni wanamwita Mzee wa Taa, alifika amenuna, na alikuwa na sababu.

Kwa miaka tisa amekuwa akiipeleka familia yake Mafinga kila tarehe ishirini na nne, kuona taa za Krismasi zinazozungushwa kanisani na madukani. Kwa miaka tisa hawajaziona zikiwaka. Wanafika saa nne asubuhi, wanazunguka chini ya nyaya, wanakula chipsi, halafu saa nane baba anawaswaga wote kwenye Kosta, maana ng'ombe wake Neema lazima akamuliwe saa kumi na moja jioni. Kabla ya kufunga shule, bintiye Faustina alichora taa za Krismasi, na balbu zote akazipaka kijivu. Mkewe Yusta aliibandika picha hiyo sebuleni bila kusema neno. Jana ndipo aliposema: mwaka huu yeye na watoto watalala kwa dada yake hukohuko Mafinga, baba abaki na ng'ombe wake.

— Safari ya familia bila baba, — Filemoni alilalamika. — Sasa hiyo ni safari gani?

Kijiwe kikachangamka, kama kawaida yake mtu akiwa na shida. Wa kwanza kudakia alikuwa Joachim, aliyewahi kulinda geti la ofisi ya chai na tangu hapo akabaki na jina la Meneja.

— Tatizo lako ni ratiba. Ng'ombe hana saa, bwana. Msogeze nusu saa kila siku, mpaka sikukuu atakuwa anakamuliwa mchana.

— Mchana si ndiyo niko Mafinga?

Meneja akanywa kahawa. Akaingia Obeid, anayeitwa Injinia kwa kuchokonoa redio za watu.

— Wewe rekodi kikohozi chako kwenye simu, umfungie shingoni. Akikisikia atajua upo, atatulia.

— Na maziwa yatajikamua?

— Hilo suala jingine.

Brayson, ambaye ni Waziri tangu aliposhindwa uenyekiti wa kitongoji, alisema mambo haya yanataka mazungumzo ya ngazi za juu. Padri aombwe awashe taa saa saba mchana, na kama jua litakuwa kali, watoto wanunuliwe miwani nyeusi. Meneja hakukubali kupitwa. Ng'ombe apakiwe kwenye pikapu, akakamuliwe mlangoni pa kanisa, kwani hata horini si walikuwepo ng'ombe? Basi wakaanza kubishana kama Neema ataogopa taa za rangi, na kama zikimtisha maziwa yatapanda juu yasishuke tena.

Filemoni alichoka. Alichoka nao wote. Miaka tisa amewasikiliza watu hawa, na kila Krismasi anaondoka na ushauri mwingi kuliko maziwa. Mwaka huu hakutaka ushauri. Alitaka kumwona Faustina akitazama taa inayowaka.

Wakati huo mwalimu Alinanuswe, mgeni kutoka Tukuyu, alikuwa amesimama kando na chupa yake ya chai, akisubiri Anord amjazie kahawa. Alikuwa amesikia habari yote tangu mwanzo.

— Samahani, wazee wangu. Haya madumu ni ya nani?

Injinia alitazama simu yake iliyozimika. Waziri alitazama ukungu. Meneja alilisukuma dumu lake kwa kisigino, likaingia chini ya ubao.

Mwalimu aliwangoja kwa adabu, kisha akaaga, akaenda zake na chupa yake. Filemoni aliyahesabu madumu. Yalikuwa manne, na kila moja lilikuwa limejazwa alfajiri ileile kwa mikono ya mwenyewe. Hasira ikampanda, maana katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema nitakukamulia. Kisha ikamuuma zaidi alipokumbuka kwamba na yeye hakuwahi kuomba, kwa jinsi alivyopenda kujisifu kuwa Neema hamtaki mtu mwingine.

Anord alitikisa birika, akasema kahawa imekwisha. Siku nyingine wangeondoka. Leo hakuna aliyeinuka.

— Huyo Neema, — Meneja aliuliza mwishowe, macho yakiwa chini, — anapiga teke?

— Anapiga.

— Mguu upi?