Zege Lililonyimwa Maji

Nilisikia kabla sijaona. Nilikuwa nakunywa chai ndani ya hoteli ya mikeka, na nje, upande nisioweza kuuona, mitungi iliyojaa maji ilikuwa inatua juu ya zege. Ka. Ka. Ka. Wa nne ukatua, ukatoa sauti nyingine: bwu. Kama mtu amegonga debe tupu. Nikaweka kikombe chini.

Zege lile nililimwaga mimi.

Ndugu zangu mafundi, asanteni kwa kunipisha mbele ya mambo mengine ya kikao. Wengi wenu mnanijua kwa mikeka ninayosukuma kwenye mkokoteni, mnaniita fundi wa vitanda. Sawa, chekeni. Leo nitawaambia mikeka hiyo ilikotoka. Na nina sababu ya kusema leo. Asubuhi nikija hapa nimepita slabu moja huko Waberi, imemwagwa jana, imelala uchi juani. Mwenye kazi yumo humu ndani. Simtaji, na wala simtazami.

Ilikuwa miaka michache iliyopita, katikati ya jilaal, wakati ardhi yote imekauka. Niliitwa kituo kimoja mbele ya Hadado kujenga tangi la maji la chini ya ardhi, lenye kifuniko cha zege ambacho watu watasimama juu yake wakichota. Maji ya kukorogea yalitoka kisimani, yalikuwa ya chumvi. Ukiyachemshia chai, sukari haionekani ilipokwenda. Nilijua chumvi inakula nondo, vile vyuma vya ndani ya zege. Nikajiambia hakuna mengine.

Tulimwaga saa sita mchana kwa sababu lori la kokoto lilitaka kuondoka. Zege lilikuwa linakauka kwenye karai. Vijana walishindilia kwa haraka, na pembeni hawakushindilia kabisa.

Kesho yake nikaanza kulinywesha. Mnajua wenyewe, zege hunyweshwa siku saba ndipo likomae. Nilikuwa na mapipa mawili. Siku ya pili akaja mama mmoja na mbuzi wake, wamekonda hadi macho yamekuwa makubwa. Akasimama ananiangalia nikimwaga maji juu ya kitu kigumu.

"Warya fundi," akaniambia, "hii mawe inakunywa, na mbuzi yangu inaangalia?"

"Mama, likikosa maji litapasuka."

"Mbuzi ikikosa maji itafanya nini? Itaimba?"

Watu wakacheka. Mimi nikaona haya. Huko kwetu hakuna anayeweza kuwa na pipa la maji na kumtazama mnyama mwenye kiu akiondoka, hilo mnalijua. Nikampa pipa. Kufika jioni, la pili nalo likaisha. Nikajipa moyo kwamba zege lilikwisha kuwa gumu, nikaligonga kwa kisigino.

Tulipotoa mbao zilizolishikilia, chini palikuwa na mashimo kama sega la nyuki. Nondo zilionekana, mbavu tupu. Juu, nyufa nyembamba kama nywele. Nawaambia ukweli wangu: sikumwita mtu. Nilikoroga saruji na mchanga, nikaziba, nikalainisha kwa mwiko hadi pakapendeza. Wazee wakanisifu. Nikapanda lori.

Miaka miwili baadaye nilikuwa napita tu, nakwenda kazi nyingine, ndipo niliposikia ile bwu. Zege zima hulia. Lililoachana na nondo zake huguna. Nondo ikishika kutu huvimba, na ikivimba inalisukuma zege lililo karibu nayo, mpaka katikati panabaki hewa.

Nikatoka nje. Wanawake saba walikuwa juu ya kifuniko, na watoto wawili wamekaa pale pale kwenye ile sauti, wanachezea kamba. Dereva wa lori nililosafiria akapiga honi. Ningepanda, hakuna ambaye angejua. Ndugu zangu, nilipiga hatua mbili kuelekea lile lori. Nimezihesabu mara nyingi tangu siku hiyo.

Nikageuka.

"Shukeni," nikasema. "Taratibu, mmoja mmoja. Watoto kwanza."

"Fundi ameona nyoka?" akauliza mmoja. Alikuwa yule mama wa mbuzi.

"Nimeona kazi yangu."

Hawakushuka. Nani ashuke, na foleni ameipanga tangu alfajiri? Basi nikachukua nyundo, nikapanda pembeni, nikagonga mara moja, si kwa nguvu. Chini yetu, ndani ya giza la tangi, kipande kikaanguka majini. Tulisikia sote. Mama akamnyanyua mtoto kwa mkono mmoja, akashuka kinyumenyume bila kuondoa macho kwangu, na wenzake wakamfuata na mtoto wa pili.

Mbele ya wazee nilisema yote: chumvi, saa sita, mashimo, mwiko. Nikaomba nilibomoe na kulijenga upya kwa mikono yangu. Nikaiweka nyundo miguuni pao. Aliyesema ni yule mama.

"Ile maji alinipa mimi. Na mimi niko ndani ya hii mawe."

"Hapana, walaal, ndugu yangu," nikamjibu. "Wewe hukujua. Mimi nilijua."

Wazee wakanirudishia nyundo. Tulisubiri mvua za gu, tukakoroga kwa maji ya silanga, bwawa la mvua, yasiyo na chumvi. Tukamwaga jua likishuka, tukashindilia kila kona, na nondo tukaziinua juu ya vijiwe. Na siku iliyofuata mama akavua mikeka ya nyumba yake ya kuhama, yeye na wenzake, wakaiweka juu ya zege, ikalowa. Mkeka hushika maji. Msikitini wakaweka karai chini ya miguu ya wanaotawadha, na maji hayo yakatutosha siku saba, na mbuzi wakanywa yao. Zile mvua kubwa za El Nino zilipokuja, kifuniko kilikaa.

Namshukuru mama huyo. Nawashukuru wazee walionirudishia nyundo badala ya kunifukuza. Somo langu ni fupi: gonga kazi yako mwenyewe, na ukisikia, usipande lori.

Mikeka yangu iko pale nje kwenye mkokoteni, pamoja na mtungi. Slabu ya jana bado inaweza kuokolewa.

Naam. Mpisheni, mwacheni apite. Msigeuze shingo kumtazama. Na wewe uliye karibu na mlango, akishatoka, ufunge, vumbi linaingia.