Sauti ya Ndanu

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogee, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni. Kaleli, na wewe Nzisa dada yake, msinikatize kwa kuniambia nipumzike; nitapumzika.

Shamba nililigawa nikiwa na nguvu, na nyumba hii ya Ruiru ni yenu wawili, hilo halina maneno. Nataka kusema juu ya hizi santuri kuukuu zilizojaa ukutani, ambazo mmezilalamikia miaka kumi na mmoja mkisema baba amefiwa na mke akaoa vumbi.

Mama yenu aliimba. Hamkujua, kwa sababu mimi sikutaka mjue. Kabla sijamwoa aliimba na bendi ya vijana pale Thika, wakatoa santuri moja ndogo, jina lake Ndanu limeandikwa kwenye jalada. Nilipomposa nikamwambia nyumbani mwangu hakuna mwimbaji. Alikuja kwangu na nakala moja tu, na Kaleli ulipozaliwa nikaiuza pamoja na kinanda chake, nikamwambia tunahitaji nafasi. Hakulia. Alikikunja kile kitambaa alichokuwa akikifunikia kinanda, akakitia kabatini, na tangu siku hiyo sikumsikia akiimba, si jikoni, wala kanisani, ambako alikuwa akichezesha midomo tu.

Tulipomzika, nikagundua nimeisahau sauti yake ya kuimba. Ndipo nikaanza kutafuta. Nilizunguka kwa wanunuzi wa vyuma na chupa hapa Ruiru, nikaingia mtaa wa mabanda wa Kiandutu, kule Thika, mlango kwa mlango, nikanunua magunia mazima ya santuri zilizokwaruzika, nikiogopa kuiacha ile moja ndani. Nyingine nilizipenda njiani, sikatai.

Jumamosi moja nikaiona Thika, kwa Ngendo, yule mama anayeuza redio kuukuu nyuma ya soko.

"Hiyo siuzi, Mzee," akaniambia. "Marehemu mama yangu alikuwa anaicheza kila Krismasi."

Nikapandisha bei, akakataa. Wiki iliyofuata nikarudi, akakataa. Mara ya tatu niliketi juu ya ndoo yake nikamweleza yote, jinsi nilivyomnyamazisha mke wangu na jinsi alivyonivumilia. Ngendo aliinuka. Aliipangusa santuri kwa leso, akaiweka kwenye mashine, akashusha sindano. Na huyo Ndanu akaja, wanangu, msichana wa miaka kumi na tisa, akicheka kidogo kabla ya ubeti wa pili kana kwamba kuna mtu amemfanyia mzaha pembeni. Nililia pale sokoni, watu wakipita na vitunguu vyao.

"Chukua," Ngendo akasema. "Siwezi kukuuzia sauti ya bibi yako."

Hakuchukua hata shilingi. Kwa hiyo nikifa, aitwe hapa kabla ya mnunuzi yeyote, achague santuri azipendazo, na msimhesabie. Nimefanyiwa mema mengi duniani, na mama yenu ndiye wa kwanza kunitendea, lakini wema wa Ngendo ulinirudishia usingizi. Namshukuru Mungu kwamba niliishi hadi nikaisikia.

Nzisa, nipe maji... Asante, mama.

Kaleli. Mwezi jana nilikusikia ukimwambia binti yako Dianah kwamba nyumbani mwako hakuna mwimbaji. Lilikuwa neno langu, mwanangu, neno kwa neno, na hukuwa umezaliwa nilipolisema. Sikukukemea siku ile; niliona aibu. Santuri ya nyanya yake ni ya Dianah. Mpe wewe, kwa mkono wako, na umwambie nilichofanya, usinifiche.

Hamna deni langu lolote. Mmenitunza, mmenilisha, mmenisitiri. Mungu awape... awape watoto wenye sauti kubwa.

Shika mkono wangu, Kaleli. Huyo mtoto akiimba, acha kazi yako. Keti. Sikiliza mpaka... mpaka amalize. Mimi sikuketi.