Fundi Saa Aliyelinda Mlango

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu. Leo tunamkumbuka fundi saa. Wengi wenu mlimpelekea saa zenu, mkaambiwa njoo kesho, na kesho yake mkaambiwa vilevile. Basi, ni huyohuyo. Alifariki mwezi uliopita, akiwa na miaka sabini na moja.

Fundi alikuwa mjane. Aliishi na binti yake, mshonaji, pamoja na mjukuu mmoja wa kike wa miaka saba. Mjukuu huyo ana saratani ya damu. Narudia: saratani ya damu. Dawa zake ni kali, zinapigana na ugonjwa huku zikimwacha mtoto hana kinga. Daktari aliwaonya kuhusu tetekuwanga. Watoto wengine hujikuna wiki moja, ikapita. Yeye ingeweza kumuua.

Babu akaweka kigoda mlangoni. Kila mtoto aliyekuja kucheza aliambiwa, "Fungua shati." Akakagua tumbo, akakagua mgongo, akatazama hadi nyuma ya masikio. Majirani wakambandika jina la Afande. Binti yake anatuambia hata shangazi mtu alirudishwa na zawadi yake mkononi, kisa kipele cha mbu. Shangazi alinuna mwezi mzima. Babu akasema heri kununiwa kuliko kuandaa matanga.

Watoto wakapungua, mwisho wakakoma kabisa. Mjukuu akabaki na mwenzake mmoja tu wa kucheza naye, Babu. Mchana alijilaza ubavuni pake, kichwa kwenye mbavu za kushoto.

Siku moja ubavu huo ukaanza kuwaka moto. Fundi akadhani ni kuinama mezani. Vikatoka vipele vya maji, vimejipanga mstari. Akavifunika kwa shati, akaendelea kukagua matumbo ya watu. Siku ya tatu maumivu yakamshinda, akaenda zahanati. Nesi akamwambia ni mkanda wa jeshi. Mzee akashusha pumzi, maana alichokuwa akikiogopa ni tetekuwanga. Ndipo nesi akamweleza kwamba kirusi ni kilekile. Tetekuwanga ya utotoni haikuondoka mwilini, ililala tu, na sasa imeamka. Na maji ya vipele hivyo yanaweza kumwambukiza mtoto.

Mzee akampigia binti yake simu palepale. "Mpeleke mtoto hospitali sasa hivi. Adui nimemleta mimi."

Mtoto alipewa dawa ya kinga siku ileile. Vipele vilitoka hata hivyo, vichache, akalazwa wiki mbili kwa dripu. Akapona. Narudia, kwa sababu Babu ni kama hakuwahi kulisikia neno hili: mtoto alipona.

Babu mwenyewe alihamia kwenye kibanda chake cha saa. Alilala kwenye benchi, akala peke yake. Vipele vilipokauka, daktari akamruhusu arudi. Hakurudi. Kila binti yake alipomwita, alisema kesho. Miezi minne, kesho. Jirani yake wa kibanda, kinyozi, anasema mzee alikuwa akizungumza na saa za wateja. "Nikamuuliza anaongea na nani. Akainamia saa, na mimi nikaona aibu."

Mwishowe mjukuu mwenyewe akaletwa, barakoa usoni. Akasimama kizingitini.

"Babu, fungua shati."

Mzee akafungua kifungo kimoja kimoja. Mtoto akakagua tumbo, mgongo, hadi nyuma ya masikio. Akagusa makovu ya ubavuni.

"Huna kitu. Twende nyumbani."

Babu alilia. Akasema amebakiza saa moja ya mteja, aimalize kwanza. Akasema kesho.

Safari hii alimaanisha, jamani. Asubuhi kinyozi alimkuta amekaa kwenye benchi, moyo umesimama, viatu miguuni, mfuko wa nguo mapajani. Saa ya mteja alikuwa ameshaimaliza.

Kwa binti yake mshonaji, pole sana. Kwa mjukuu, pole, mama. Tunaambiwa kigoda bado kiko mlangoni, na mtoto hataki mtu yeyote akikalie.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa: ukipata mkanda wa jeshi, sema mapema, na ukae mbali na mtoto anayetibiwa saratani. Na kama kuna anayekusubiri nyumbani, na ameshakusamehe, zima redio uende leo.